Mzizi Uliokula Samadi

Siku Dina alipojifungua, mama yake Esta alishinda akiimba. Mjukuu wa kwanza, tena wa kike, tena mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde! Dina alikuwa ameolewa huko Vuga, na kama ilivyo desturi alirudi kwao kuzaa uzazi wa kwanza, huku juu kabisa, ukingoni mwa msitu, ambako ukungu unaingia ndani bila hodi. Alasiri mtoto akatoka. Kondo likafuata bila matata. Jua lilipoanza kuzama Esta akajitwika mtungi kwenda kijitoni kuchota maji ya kumkanda mzazi, wimbo wa kanisani mdomoni, anauimba kwa kujidai kidogo. Mwacheni ajidai. Bibi ni bibi.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya.

Mwanahawa mkunga alikuwa amesimama mlangoni. Huyu Mwanahawa ni mwanamke wa maneno. Hata akikukanda tumbo anakusimulia habari za watu. Siku hiyo hakusema kitu mpaka alipomsogelea Esta sikioni.

"Damu haikati," alinong'ona.

"Nyingi?"

"Ya Rabi... we Esta, usiniulize. Lete ule mzizi wako. Upesi."

Esta akatua mtungi. Alinyoosha mkono kukichukua kibuyu cha dawa, akaurudisha. Na hapa sina budi niwaambie habari za mzizi huo, la sivyo mtadhani aliurudisha kwa uchungu wa mwana tu.

Ni mzizi wa kukata damu ya uzazi. Watu wa pale waliuita mzizi wa wazazi, basi, hauna jina jingine. Aliyemfundisha Esta ni mama mkwe wake, marehemu Jenoveva, mwanamke mkali, mwenye mkono wa dawa. Kila alipotakiwa kutibu, Jenoveva alipanda msituni, chini ya miti mikubwa ya mkulo, mahali ambapo jua halifiki na majani yameoza mpaka udongo umekuwa mweusi. Kimmea chenyewe ukikiona utakidharau. Kidogo, kimekonda, kina majani matatu manne yenye rangi ya mgonjwa. Jenoveva alipiga magoti, akakitajia jina la mwanamke anayevuja damu. "Nakuchimba kwa jina la fulani." Ndipo akachimba nusu ya mzizi, nusu akaifukia irudi kukua. Ukiutia ulimini, uso wote unakunjamana kwa uchungu.

"Dawa hii inataka shida," Jenoveva alikuwa akimwambia. "Inataka baridi, kivuli, na njaa. Ukiilisha itasahau kazi yake."

Esta alisikia. Hakuna mtu wa kusema kwamba hakuambiwa.

Lakini Jenoveva alikufa, na Mwingereza akauwekea msitu mipaka. Ukikutwa ndani unapelekwa bomani Lushoto. Ilikuwa ile miaka ya matuta, mabwana shamba wanazunguka kuwalazimisha watu kulima matuta milimani, watu wananuna, na walinzi wa msitu wamejaa kila kichochoro. Mwanamke mmoja jirani alikamatwa na mzigo wa kuni akalala lokapu. Esta akaogopa. Halafu akawaza, na kuwaza kwake ndiko kulikoponza watu. Kwa nini apande msituni kuvizia kimmea kimoja kimoja, wakati ana tuta zuri nyuma ya nyumba?

Alfajiri moja alikwenda akang'oa yote. Yote, jamani! Hakuacha nusu ya mzizi hata mmoja. Akaificha kapuni chini ya majani ya kulishia mbuzi, akaipanda kwenye tuta, juani, pembeni mwa kabichi, akaimwagia samadi ya mbuzi. Lo, ilivyoshika! Majani yakatanuka yakawa mapana kama ya tumbaku. Bwana shamba mwenyewe alisimama pale akasifu. Mizizi ikanenepa, Esta akaichimba kwa wingi, akaikausha, akajaza kibuyu. Mgonjwa akija, mkono kibuyuni tu. Habari za kupiga magoti na kuutajia mmea majina ya watu alikwisha kuziacha. Aliona haya, mke wa mzee wa kanisa kuzungumza na majani.

Wa kwanza kupewa mzizi wa kibuyuni alikuwa Rahabu.

Rahabu alikuwa mke wa Sefania, hapo jirani, msichana aliyekua pamoja na Dina, wamecheza kombolela uani kwa Esta, wamekula sufuria moja. Alipojifungua mtoto wa kike, damu haikukata. Esta akamchemshia mzizi. Rahabu akapokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa, akamtazama Esta, akatabasamu, akasema, "Asante, mama." Kabla ya magharibi alikuwa amekufa. Wakamzika nyuma ya kanisa, mahali pa baridi, ukuta na mkulo mzee vinapakinga na jua kutwa nzima.

Jioni ya mazishi, Esta alitoa mzizi kibuyuni akauuma.

Ulikuwa mtamu. Mtamu kama muhogo mbichi.

Akatema. Akasukutua. Akalia mpaka kichwa kikauma. Halafu akanyamaza, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu. Watu waliposema ni mapenzi ya Mungu, naye aliitikia kwa kichwa. Hakuing'oa ile mimea tutani, maana angeing'oa wangemwuliza kwa nini. Kurudi msituni hakuweza, kule alikwisha kufagia. Aliomba tu asitokee mwingine wa kuvuja damu. Na baya zaidi ni Sefania. Kila akivuna maharage alimletea Esta ya kwanza, kwa kumshukuru kwamba alijitahidi. Maharage hayo Esta aliyapika na kuyala.

Sasa damu ilikuwa imegeuka, imeingia nyumbani kwake.

Aliingia chumbani. Dina alikuwa amelala, midomo imekuwa myeupe, macho nusu. Harufu ya damu ilikuwa nzito, ikikaa kooni. Esta akachukua mzizi kibuyuni, akauuma kona, huku akijua. Mtamu. Mwanahawa alikuwa akimtazama.

"Mbona huchemshi?"

"Huu hautafaa. Nakwenda kuchimba mwingine."

"Si unayo tele hapo tutani?"

"Wa msituni."

"Kwa nini wa msituni, Esta?" Sauti ya Mwanahawa ilikuwa ndogo. "Rahabu ulimpa wa wapi?"

Esta akaurudisha mzizi kibuyuni. Fanueli, mumewe, alikwisha kutoka mbio kutafuta vijana na machela, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na kumshusha mgonjwa hospitali usiku ule ilikuwa sawa na kushusha maiti. Esta akatwaa kijembe chake kifupi chenye mpini ulioungua moto upande mmoja. Akatoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka.

Aliiona njia kwa hatua chache tu mbele yake. Miguu iliijua yenyewe. Akapita migomba, akapita miti ya miwati, akaanza kupanda. Aliomba Mungu, na maombi yenyewe yalimkata maneno, maana alikuwa akiomba nini? Kwamba apate kimmea kimoja, mahali ambapo yeye mwenyewe alihakikisha hakuna kitakachobaki? Mtu anaona aibu hata mbele za Mungu. Akaendelea kutembea. Baridi ikampenya mpaka kwenye meno.

Kisha akasikia.

Ku... ku... ku...

Mtu anachimba. Jembe kwenye udongo mgumu, polepole, bila haraka. Esta akajibanza kwenye shina la mti akidhani ni mlinzi. Lakini mlinzi analima nini kwenye giza linaloingia? Akavuta pumzi, akasikia harufu ya mkulo, ile harufu yake ya ukali inayopanda puani. Na nyuma yake harufu nyingine.

Samadi. Samadi mbichi ya mbuzi.

Mbuzi hawafiki huku.

Ku... ku...

Kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Esta akaitikia. Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa. Halafu akaitambua sauti.

Alitaka kukimbia. Nawaambia, alitaka sana! Lakini Dina alikuwa bado anavuja damu. Mbele yake, pale ukungu ulipokuwa mzito, palikuwa na mwanamke amechuchumaa, amempa mgongo. Amejitanda shuka jeupe lililolowa na kumganda mabegani. Udongo umemfika viwiko. Hakugeuka, na Esta alimshukuru Mungu kwamba hakugeuka.

"Unatafuta mzizi," ile sauti ilisema, tena kwa upole.

"Ndiyo."

"Umebaki mmoja. Upo hapa."

Kweli, ulikuwepo. Karibu na goti la yule mwanamke, kimmea kimekonda, kina majani matatu manne yenye rangi ya mgonjwa. Esta alianguka kwa magoti, akajikuta karibu naye kiasi cha kusikia baridi inayotoka mwilini mwake. Akainua kijembe.

"Unachimba kwa jina la nani?"

"Kwa jina la Dina. Dina binti Fanueli. Mwanangu."

"Dina," ile sauti ikarudia, na ilikuwa kama inafurahi kulisikia. "Amepata mtoto gani?"

"Wa kike."

"Kama mimi."

Ukungu ukapita katikati yao. Mahali fulani tone la maji likaanguka juu ya jani.

"Na mimi, mama... ulinichimbia kwa jina gani?"

Esta alikuwa na majibu mengi ya kuwapa watu, ameyatunza tangu siku ya mazishi, na hata moja halikufaa hapa.

"Sikukuchimbia," alisema mwisho. "Nilikupa wa kibuyuni. Sikukutaja."

"Ulikuwa mtamu."

"Najua."

"Nilipouonja nilijua hauko sawa. Bibi Jenoveva aliwahi kumpa mama yangu, mama akasema ni mchungu wa kuvunja taya. Nikasema, mama Dina hawezi kunipa kitu kibaya. Nikanywa wote."

Esta akalia kwa sauti. Alilia akiwa amepiga magoti, kijembe mkononi, na yule mwanamke akamwacha alie, hata hakumkemea. Laiti angemkemea! Kisha mkono mweupe, wenye udongo chini ya kucha, ukasogea ukagusa mpini wa kijembe ukaushusha chini kwenye udongo.

"Chimba, mama. Dina anakungoja."

Akachimba. Udongo ulikuwa mwekundu, wa kule chini, wenye mabonge, siyo ule mweusi wa msituni, na Esta aliuona na hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Akaufikia mzizi. Akakata nusu. Nusu akaifukia vizuri kwa viganja, kama alivyofundishwa zamani. Alipotaka kusimama, kijembe hakikumfuata. Kilikuwa kimeshikwa.

"Hiki niachie," ile sauti ikasema. "Bado nina kazi."

Esta alikiachia akakimbia.

Alikimbia bila kujua anaelekea wapi, akakwaruzwa, akaanguka, akanyanyuka, mzizi ameubana kifuani. Alitegemea mteremko mrefu. Badala yake, punde si punde, alijigonga kwenye ua wa miti, akaupapasa, akashangaa. Ulikuwa ua wa kanisa. Lakini kanisa liko chini kijijini, na yeye alikuwa amepanda... Hakusimama kuwaza.

Mwanahawa aliuchemsha mzizi ule bila kuuliza neno. Wakamwinua Dina kichwa, wakamnywesha. Kwanza hakuonyesha chochote. Halafu uso ule mweupe ukakunjamana, ulimi ukatoka nje.

"Mchungu!" Dina akanung'unika. "Mama, mchungu mno huo!"

Esta akaangua kilio cha furaha akamshika mwanawe miguu. Damu ikapungua. Fanueli aliporudi na vijana na machela, Mwanahawa aliwatoa nje akisema mgonjwa asitikiswe. Ila alimvuta Esta pembeni.

"Imepungua, haijakoma. Anywe tena kesho asubuhi. Mzizi upo?"

"Nusu niliiacha ardhini."

"Basi usicheleweshe."

Kulipopambazuka, kabla Esta hajavaa khanga ya pili, hodi ikabishwa. Alikuwa Sefania. Mkononi alikuwa na kijembe kifupi, mpini umeungua upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Macho ya Esta hayakutoka kwenye kijembe.

"Nimepita kanisani alfajiri, kumtazama mama watoto, kama kawaida yangu. Nimekikuta juu ya kaburi lake."

Basi Esta akaelewa ule udongo mwekundu. Akaelewa ua wa miti. Akashika mwimo wa mlango. Mtu akikutwa na jembe lake kaburini, hasa mwanamke mwenye dawa, anajua atakavyoitwa. Alingoja neno hilo, na akaona kwamba ni halali yake.

Sefania machozi yalikuwa yanamlenga.

"Nimeona ulichofanya, mama," alisema. "Umempandia mmea. Huko nyuma hakuna mtu aliyewahi kumpelekea hata ua moja. Kwao hawajaja tangu arobaini yake, na wewe, na shughuli zote hizi za mwanao, umemkumbuka. Mungu akubariki."

Esta akakaza khanga yake kifuani.

"Sema umekonda, ule mmea. Nikaona ni huruma." Akapangusa macho kwa kiganja. "Nikaenda nyumbani nikachukua samadi ya mbuzi, nimeumwagia karai zima. Na leo nitalikata lile tawi la mkulo linaloukinga, upate jua. Utashika vizuri, usijali."

Ndani, mtoto akalia. Dina akamwita mama yake, kwa sauti iliyochoka.

Sasa fikirini. Angeweza kusema, asante baba, usikate tawi, mimea mingine haipendi jua. Angeweza kukimbia kaburini kwa siri akaifagia ile samadi, na Sefania angeendelea kumletea maharage mpaka uzeeni. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Lakini harufu ilikuwa imefika. Samadi mbichi, palepale mlangoni, na Sefania mikono yake ilikuwa imeoshwa, inang'aa kwa maji. Esta akajua ni nani mwingine aliyesimama pale akimsikiliza atasema nini.

"Sefania, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwua mkeo."

Akamwambia yote, palepale wamesimama. Msitu, tuta, kibuyu, bakuli. Akamwambia kwamba alijua siku ileile ya mazishi. Sefania hakupiga kelele, wala hakuinua mkono. Alimtazama tu, na ndevu zake zilikuwa zikitetemeka. Esta alipomaliza, Sefania akampa kijembe, akageuka, akatangulia kwenda kanisani. Esta akamfuata kwa nyuma kama mtoto aliyekosa.

Kaburini walipiga magoti, yeye upande huu, Sefania upande ule, wakaizoa samadi kwa mikono. Waliizoa yote mpaka udongo mwekundu ukaonekana, na Sefania akachota maji akauosha mmea, jani moja baada ya jingine. Ulikuwa umeinama, lakini haujafa.

"Rahabu," Esta alisema, midomo karibu na udongo. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo pale chini. "Rahabu mke wa Sefania. Nakuomba nichimbe kwa jina la Dina."

Akachimba taratibu. Akakata nusu ya ile nusu, iliyobaki akaifukia. Akauma kona kidogo kwa meno ya mbele. Uchungu ukampanda mpaka masikioni, akafumba macho.

"Nipe na mimi nionje," Sefania akasema.

Akampa kipande. Sefania akakitia mdomoni. Uso wake ukakunjamana, ukaendelea kukunjamana, na hakukitema. Alikitafuna polepole mpaka kikaisha, machozi yanashuka kwenye ndevu.

"Kumbe ulitakiwa kuwa hivi," alisema.

Akainuka. "Nenda kampe mwanao. Mengine tutayazungumza mimi na wewe na wazee."

Esta alisimama na mzizi wake kiganjani. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka nyuma ya kanisa. Kijembe alikuwa nacho mkononi, ameshikilia mpini kwa nguvu, na Sefania mikono yake ilikuwa mitupu.

Wote wawili walisikia.

Ku... ku... ku...

Polepole, bila haraka, kutoka chini ya miguu yao.